Kelele za Seva Ukutani kwa Nesi Aikaeli

Mjukuu wangu ana kompyuta bapa isiyo na feni hata moja. Kila akiiwasha mimi humwuliza kama imewaka, naye hucheka na kunigeuzia kioo nione. Siku hizi hunijibu kabla sijafungua mdomo: "Imewaka, babu." Msinicheke na ninyi. Mtu aliyezeekea kati ya mashine zinazonguruma hauamini ukimya upesi hivyo. Zamani zetu ulijua kompyuta ya ofisi fulani imewashwa ukiwa bado uko barabarani.

Mwalimu wenu hapo Moshi ameniomba niwaandikie ninyi mnaosomea ufundi wa kompyuta. Akasema niandike juu ya mafanikio yangu kazini. Nimekaa na kalamu nikayatafuta hayo mafanikio, nikaona sehemu kubwa ya maisha yangu nilikuwa nikinyamazisha vitu. Redio zinazokwaruza, feni zinazolia, makasha ya kompyuta yanayotetemeka mpaka vikombe vinatembea mezani. Basi nitawaandikia habari za kelele, na mwalimu wenu akitaka mafanikio atafute mtu mwingine.

Mimi si mtu wa mlimani. Baba alitoka Singida kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa, kule tambarare kusini mwa mji, na mimi nikazaliwa kambini. Joto la kule halina adabu. Jirani yetu mmoja, msimamizi wa zamu, alikuwa na feni ya mezani, na watoto wote wa kambi tulikuwa tunakwenda kuketi mbele yake na kuiimbia, ili sauti zetu zitoke zikitetemeka. Nikakua nikiamini kwamba mtu mwenye feni amefika. Ile feni ilipokufa, mimi ndiye niliyejitolea kuibeba mjini kwa fundi. Nikaketi pale karakanani kuingoja, nikatazama, na kwa kweli sikutoka tena.

Fundi mwenyewe alikuwa Mzee Jaswant, Singasinga aliyezaliwa hapo hapo Moshi, mwenye karakana ya redio na feni karibu na soko. Kichagga chake kilinipita mimi mbali sana, na kina mama waliotoka juu na ndizi zao walimsimulia mambo ya nyumbani kwao zaidi kuliko walivyomsimulia padri. Vipuri havikuwapo miaka ile. Madukani ungekuta rafu tupu zilizofutwa vumbi vizuri. Kwa hiyo Mzee hakuwa na ruhusa ya kukosea, maana ukivunja kitu hakuna kingine. Akikuona umeshika bisibisi kabla hujasikiliza, alikunyang'anya.

"Umeisikia?" alikuwa akiuliza.

"Bado, Mzee."

"Sasa unamfungua tumbo mtu ambaye hata hujamuuliza anaumwa wapi?"

Namna yake ya kusikiliza ilikuwa hii, na ninawasihi mwijaribu kabla hamjaidharau. Unachukua bisibisi ndefu, ncha unaigusisha kwenye kiwiliwili cha mashine, na mpini unauweka kwenye kifupa kilicho mbele ya sikio. Sauti inapanda na chuma mpaka ndani ya kichwa. Hapo utatofautisha. Feni iliyokauka mafuta hulia kwa sauti nyembamba, yenye kuchoma meno. Inayogusa waya hupiga taka-taka-taka. Iliyolegea skrubu hutetemesha kasha zima, na kosa ni la kasha, feni umeisingizia. Halafu iko sauti ya upepo mtupu, shuuu, nene, isiyo na kasoro yoyote. Hiyo ni ya feni nzima kabisa inayofanya kazi kupita kiasi. Mzee alinifundisha kuwa hii ya mwisho ndiyo inayowapoteza mafundi, kwa kuwa hakuna kitu cha kukarabati. Nilimsikia, nikaitikia kwa kichwa, na miaka mingi baadaye ikanipoteza vilevile.

Halafu milango ya biashara ikafunguliwa. Ninyi mmezaliwa mkiikuta imefunguliwa, hamwezi kujua ilikuwaje. Rafu zilijaa. Kwanza zikaja redio kaseti, zikafuata televisheni, na baadaye kabisa makontena ya kompyuta zilizokwisha kutumika Ulaya. Watu waliliita kasha zima "sipiyu", na ukijaribu kuwasahihisha walikutazama kama unayejivuna. Nikaacha. Mteja akiniambia sipiyu yake inakohoa, nilikwenda kuiangalia inavyokohoa.

Kompyuta zile zilifika zikiwa na vumbi la nchi nyingine, na sisi tukaziongezea letu jekundu. Mwenye duka la kuchapa barua kule Shirimatunda alisikia kwamba feni hutiwa mafuta, akaitia mafuta ya kupikia, tena kwa ukarimu. Nilipofika ofisi nzima inanukia chapati. Mafuta yale yalikuwa yameshikana na vumbi yakawa gundi, na feni imesimama huku mwenyewe ananiambia kwa furaha kwamba kelele imekwisha. Mafuta ni ya cherehani, wanangu, na ni tone moja chini ya ile karatasi ya gundi iliyo katikati ya feni. Tone la pili ni la kwako, jipake mkononi uache tamaa.

Na mimi nilipata yangu. Kuna siku nilichomoa waya ukutani nikafungua pawa saplai, kile kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme, hapo hapo, kabla haijapoa, maana nilijiona nimeshakuwa mkubwa. Ule umeme uliobaki ndani ulinirusha nikaangukia rafu ya redio za wateja. Mzee Jaswant hakuniuliza kama nimeumia. Aliuliza kama redio zimeumia, na ndipo akaniletea maji.

Siku nyingine kule Sanya Juu nilitaka kupunguza mwendo wa feni ili mwenye ofisi apate usingizi wake wa mchana. Nikaipa volti tano badala ya kumi na mbili. Mchana ule ilizunguka kwa utulivu, tukapongezana na kuagana. Asubuhi baridi ya Sanya Juu ikafanya kazi yake, mafuta yakaganda, volti tano zikashindwa kuisukuma feni ianze, na kompyuta ikajipika. Tangu hapo nikajua kuwa feni unayoipunguza nguvu lazima uijaribu ikiwa ya baridi, asubuhi, imelala usiku kucha. Ikiamka yenyewe, iache. Isipoamka, usiisaidie kwa kidole ukajidanganya.

Nimezunguka sana. Nilitaka kuwasimulia habari ya kituo cha afya.

Kilikuwa kituo cha kanisa, upande wa juu wa Mwika, mahali ambapo migomba inakutana na ukungu. Jina sitalitaja, kwa kuwa wengi waliokuwapo wangali hai na hawapendi kuchekwa. Marafiki wa kanisa wa ng'ambo walikuwa wamewaletea kompyuta chache kuukuu, na mganga mfawidhi, Daktari Swai, kijana aliyependa mashine, akaniomba niifanye mojawapo kuwa seva. Ilitunza kadi za wagonjwa na hesabu ya dawa, na kwa waya wa simu ilipeleka barua za Daktari kwa madaktari bingwa mjini na kumletea majibu. Haikuzimwa. Tuliiweka kwenye kistoo chenye mlango wa chuma na nondo dirishani, kwa kuwa waya wa simu uliishia pale na wezi wa kompyuta walikuwa wameshaanza kupanda mlima.

Upande wa pili wa kistoo kile, nyuma ya ukuta wa plaiwudi, ndipo Nesi Aikaeli alipopimia wajawazito.

Nesi Aikaeli alikuwa mkunga, mama mtu mzima, mwenye gauni jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Nusu ya vijana wa tarafa ile alikuwa amewapokea yeye duniani, na aliwasalimia barabarani kwa namna ya mtu anayewadai shukrani. Chombo chake kikuu kilikuwa kile kipembe cha mbao cha wakunga. Upande mpana anauweka juu ya tumbo la mama, upande mwembamba unaingia sikioni mwake, anafumba macho, na anausikiliza moyo wa mtoto. Moyo ule ni mdogo na sauti yake iko mbali. Unataka chumba kilichonyamaza. Na ukutani hapo, sasa, ilikuwa inanguruma seva yangu.

Daktari alinipigia simu. Nikapanga siku, nikapanda. Nilipofika nilikuta kistoo kimefagiliwa, chai na ndizi za kuchemsha mezani, na seva inavuma kwa kiasi tu.

"Ajabu hii," Nesi Aikaeli akasema. "Jana haikusemeka. Leo imekuona wewe imeogopa."

Nikacheka, nikaitia tone la mafuta, nikashuka mjini nikiwa nimejipongeza. Hazikupita siku nyingi, simu. Nikapanda tena nikapuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli na kupitisha brashi ya rangi kila pembe. Ilitulia. Nikashuka. Simu. Nikaanza kuichukia ile simu. Kila nikifika mashine ina adabu, kila nikiondoka inapandisha mashetani, na mafundi wenzangu mjini wakaanza kuniuliza kama nimeshampeleka mgonjwa wangu kwa mganga wa kienyeji.

Safari iliyofuata Nesi Aikaeli hakutania. Nilimwamkia, akaitikia, akafunga mlango.

"Kaa, mbe," akasema, kama Wachagga wanavyomwita mwanamume. "Unamfahamu Anna, mke wa yule fundi seremala hapo chini ya kanisa?"

Nikasema simfahamu.

"Mimba yake ya kwanza iliharibika. Hii ni ya pili. Juzi amelala hapo kitandani, mimi nasikiliza, nasikia mashine yako. Nahamisha pembe, nasikia mashine yako. Kulia, kushoto, chini. Nikamwomba Daktari naye asikilize, hakupata kitu. Ningefanyaje? Nikamwambia, mwanangu, sisikii mtoto, nenda mjini wakuangalie kwa vyombo vyao."

Alikunja na kukunjua leso yake.

"Alishuka kwenye pikapu analia. Mume wake nyuma, amesimama, analia. Mjini wakamkuta mtoto mzima kabisa, anacheza. Umenielewa? Alimlilia mtoto aliye hai, mlima mzima. Na sasa hataki tena kulala kwenye kitanda changu. Akija kliniki anakaa nje kwenye benchi, anasema atapimwa kesho. Kila mara kesho."

Akaniambia kwamba kikao cha kituo kimekaa, na wamekubaliana kwamba mashine isiponyamaza itazimwa na kufungiwa sandukuni. Nilipotoka, Daktari Swai alinishika mkono barazani. Yeye hakubishana na Nesi, alisema Nesi ana haki. Lakini wakiizima, barua zake kwa madaktari bingwa zitarudi kubebwa na dereva wa gari la maziwa, ambaye huzisahau chini ya kiti. Kulikuwa na wagonjwa wodini waliokuwa wakingoja majibu ya barua hizo. Niliwatazama wote wawili nikaona kila mmoja anasema kweli, na katikati yao nimesimama mimi na bisibisi yangu.

Nikaamua feni ndiyo mbovu, basi, na dawa ni kununua nyingine bora, ya gololi. Vipuri vizuri siku hizo vilipitia Holili, kwa mfanyabiashara mmoja aliyevuka mpaka na mabegi ya vitu kutoka Nairobi. Nikaenda nikamngoja pale mpakani, nikapata feni yangu. Wakati wa kurudi, nilipofika Himo, nikaona pikapu iliyokuwa inapanda Mwika na mifuko ya saruji. Sikupiga simu. Nikarukia juu ya saruji nikapanda.

Ndiyo siku pekee niliyofika pale bila wao kujua nakuja.

Kelele niliisikia tangu getini. Mlinzi akanifungulia kistoo, na hapo mlangoni nikasimama. Seva yangu ilikuwa imevishwa. Chini kitenge kizito kilichokunjwa mara mbili, juu yake kitambaa cheupe cha kufuma kwa mkono, kingo zake za waridi, kimetiwa wanga kikasimama wima pande zote mpaka karibu na meza. Kwa mbele kimetariziwa kwa uzi mwekundu: KARIBU MGENI. Juu ya yote hayo, chupa yenye maua ya plastiki.

Na ndani ya nguo hizo mnyama ananguruma. Shuuu. Sauti nene, isiyo na kasoro yoyote.

Nikatia mkono chini ya kitambaa, joto lake likanikumbusha kambini. Nikaitoa chupa ya maua, nikainua nguo zote nikazishikilia juu. Baada ya muda ile sauti ikaanza kushuka, pole pole, mpaka ikawa ile ninayoijua mimi, ya mashine yenye adabu. Nikaziteremsha. Ikapanda. Feni za pawa saplai ile ziliongeza mwendo zenyewe joto likizidi, na mimi niliyajua hayo tangu mwanzo. Nisilolijua ni kwamba mgonjwa wangu alikuwa anavuliwa nguo kila nikitarajiwa.

Nesi Aikaeli akanikuta hapo nimeshika pindo.

"Fundi! Mbona hukupiga simu? Ona sasa, hata chai hakuna. Ngoja nikutolee hivyo vitambaa ufanye kazi."

"Shikamoo, Nesi. Hivi vitambaa hukaa hapa siku zote?"

"Marahaba. Siku zote. Ila ukija wewe navitoa, nisije nikakuachia ukavipaka mafuta yako."

"Nani aliviweka?"

"Mimi. Nilifuma mwenyewe." Akainua kidevu kidogo. "Kitu cha thamani namna hii, tumeletewa na watu wa mbali, kilale uchi? Na baridi ya huku utaijua wewe mtu wa tambarare? Mwezi wa saba ukungu unaingia mpaka chini ya kitanda. Nikasema hii mashine isipofunikwa itapata kifua."

Vijana, nendeni nyumba yoyote ya wazazi wenu mtazame. Redio ina kitambaa. Televisheni ina kitambaa. Kochi lina kitambaa mgongoni na mikononi, na meza iliyobeba vitambaa vingine nayo ina chake. Ndiyo heshima yetu kwa kitu kilichopatikana kwa shida. Mimi wa kambini nilijua feni ni hewa, na hakuna mtu wa kule ambaye angeifunika. Lakini huku juu nani aliwahi kumiliki feni? Waliyaona yale matundu ya nyuma wakaona ni mahali baridi inapoingilia. Kwao kuyaziba kulikuwa upendo, na mimi sikuwahi kumwambia mtu yeyote pale kwamba mashine ile inapumua.

Sikujua nimwambieje. Alikuwa sawa na mama yangu kwa umri, na kitambaa kile kilikuwa kazi ya mikono yake. Mwishowe nikasema, "Nesi, naomba ulete pembe yako."

Akanitazama kwa mashaka, lakini akaileta. Nikamwomba aiweke juu ya kasha, kitambaa kikiwa kimefunika. Akainama, akafumba macho, kama alivyofanya kwa mama yeyote.

"Anahema," akasema. "Anahema sana. Angekuwa mtu ningemwambia alale chini."

Nikainua vitambaa. Tukangoja. Yeye hakuliondoa sikio. Taratibu nikaona uso wake unabadilika, na nikajua ameshasikia, na ameshaelewa, na kwamba angependa kama asingeelewa. Akasimama wima. Akakitazama kile kitambaa mkononi mwangu.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

"Nesi, siyo hivyo..."

"Ni mimi nilikuwa namziba pua. Anna alishuka mlima analia kwa ajili ya kitambaa changu."

Akaketi kwenye kiti cha mbao, akaifunika midomo yake kwa leso. Iliniuma. Hadi leo nikikumbuka inaniuma. Nilitaka kumwambia kwamba fundi aliyekuja mara zote zile asiulize mashine inaishije akishaondoka, huyo naye ana sehemu yake. Nikajaribu kulisema likatoka vibaya, nikasema tu kwamba hata wagonjwa huvaa vizuri siku ya kwenda hospitali, daktari asijue wanavyolala nyumbani. Akacheka kidogo ndani ya leso.

"Hilo ni kweli," akasema. "Wananidanganya kila siku na magauni yao ya Jumapili. Haya. Sasa umfanyie huyu dawa mpaka anyamaze kabisa. Nusu sitaki."

Maana hata bila nguo, mashine ile ilikuwa bado inapenya plaiwudi. Basi nikafanya kazi, na hapa chukueni kalamu. Niliiweka ile feni mpya ya nyuma. Skrubu zake sikuzikaza chuma kwa chuma, nilikata vipande vya tyubu ya baiskeli nikaviweka katikati, ili mtetemo ufie kwenye mpira. Ule wavu wa bati nyuma ya feni, uliotobolewa matundu madogo, niliukata wote nikaweka waya mwembamba wa duara, kwani upepo unaobanwa ndio unaopiga mluzi. Waya wa feni nikautoa kwenye njano na nyeusi nikauweka kati ya njano na nyekundu, ndiyo volti saba, wala siyo zile tano za Sanya Juu. Pawa saplai sikuigusa, nilikwisha kugombana na ndugu zake. Mbele, hewa inapoingilia, nikavuta kipande cha soksi nyepesi ya kike kuzuia vumbi, nikamwelekeza Nesi aifue kila ikibadilika rangi. Na meza nikaivuta mbali na ukuta. Plaiwudi iliyoguswa na kitu kinachotetemeka ni ngoma, na sisi tulikuwa tumeiegemeza meza hapo kwa miezi.

Bado meza yenyewe ilikuwa na mvumo mdogo wa chini. Nikaweka bisibisi sikioni: ilikuwa diski, inatetemesha miguu ya kasha. Nikatafuta ndala ya kukata, hakuna. Nesi Aikaeli akaondoka, akarudi na kitambaa chake. Alikuwa amekichovya maji ya moto kutoa wanga na kukikamua, akakipiga pasi kikiwa laini.

"Hiki hakiwezi kukaa chini?"

Chini ya kasha lile hapakuwa na tundu. Tukakikunja mara kadhaa, tukainua mashine, tukakilaza. Mvumo ukakatika. KARIBU MGENI ikabaki imechungulia mbele, chini kabisa, kama mkeka wa mlangoni. Usiku niliizima, nikaiacha ilale na baridi yote ya mlima, asubuhi nikaiwasha. Feni iliamka yenyewe.

Ilikuwa siku ya kliniki. Nesi aliniomba nibaki kistooni, ili kama sauti itapenya nirekebishe papo hapo. Nikasikia kina mama wakiingia mmoja mmoja, na nikasikia anatoka nje hadi kwenye benchi.

"Anna. Njoo, mwanangu."

"Nitapimwa kesho, Nesi."

"Njoo usikilize kwanza ukuta. Hulali. Unasikiliza tu."

Hatua zikaingia. Kimya kirefu. Nilizuia pumzi zangu mwenyewe nisije nikaharibu. Hapo mlango wa kistoo ukafunguliwa kwa ghafla, Daktari Swai, macho yamemtoka.

"Fundi, umeizima? Nina barua haijaenda!"

Nikaweka kidole mdomoni, nikamwonyesha kitaa cha kijani. Kinawaka. Akainama karibu na kasha kama asiyeamini, akabaki ameinama hapo hapo, kwa sababu upande wa pili kitanda kilikuwa kimelia. Anna alikuwa amelala.

Hatukusikia kitu kwa muda. Namfikiria Nesi Aikaeli amefumba macho, pembe sikioni, anahamisha mahali, anangoja. Daktari alinishika bega, sidhani kama alijua amelishika.

Halafu ukuta ukagongwa. Kidogo, kwa ncha ya kidole, kwenye plaiwudi, pale pale karibu na kichwa changu. Nesi hakuondoa sikio kwenye pembe. Alikuwa anagonga anachokisikia, ili mama wa mtoto naye asikie: tuku-tuku-tuku-tuku, haraka haraka, bila kukatika. Anna akaanza kucheka na kulia pamoja, na Nesi akamkemea atulize tumbo, na kidole chake hakikuacha kugonga.